Nani Alikuona Ukikimbia?

Radek Brunner wa Jamhuri ya Cheki alikuwa ameshakimbia zaidi ya kilomita 415 alipoondolewa mashindanoni. Hakuishiwa pumzi wala hakuumia. Kengele ya mzunguko wa 63 ililia naye hajaanza kukimbia. Alikuwepo, na mashine yake ya kukimbilia ilikuwepo, ila saa ilifika na yeye hajaondoka. Ng'ambo ya bahari, Arlington, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, Michael Wardian aliyekuwa akizunguka mtaa wa nyumbani kwake aliondoka kengele ilipolia, akaumaliza mzunguko ule peke yake, akatangazwa mshindi kwa kilomita 422.

Hiyo ilikuwa Aprili 2020, korona imewafungia watu majumbani, na mashindano yenyewe yaliitwa Quarantine Backyard Ultra. Watu zaidi ya 2,000 kutoka nchi zaidi ya 60 walianza, kila mmoja kwake: wengine barabarani, wengine uani, wengine juu ya mashine sebuleni, wakitazamana kwa video. Mtindo wenyewe ulibuniwa na Mmarekani Gary Cantrell, anayejulikana zaidi kwa jina la Lazarus Lake. Kila saa inapoanza unaondoka, unakimbia kilomita 6.7, unarudi kabla saa haijaisha. Ukiwahi kurudi, muda uliobaki ni wako: kula, sinzia, paka mafuta kwenye michubuko. Saa nyingine ikigonga unaondoka tena. Ukifanya hivyo mara 24 umetimiza maili 100, yaani kama kilomita 161. Mstari wa kumalizia haupo. Anashinda aliyebaki.

Hukumu ile iliwagawa watu, na hadi leo ukiitaja mbele ya wapenzi wa mbio ndefu ubishi unaanza upya. Wapo wanaosema: mtu hajalala sawasawa kwa zaidi ya siku mbili na nusu, mitambo inasumbua, muda mfupi wa kuchelewa ni kitu gani mbele ya kilomita 400? Wapo wanaosema kanuni ya mbio hizi ni moja tu, uondoke kengele ikilia, na ukiilegeza hiyo hakuna mashindano tena. Mimi niko na hawa wa pili. Kazi ninayoifanya hapa Dar es Salaam imenilazimisha niwe na msimamo, kwa sababu mimi ndiye ninayehakiki matokeo ya mbio za mtandaoni za klabu yetu ya jogingi.

Anayeijua Dar anajua Jumamosi na Jumapili alfajiri zilivyo. Kabla jua halijachomoza vikundi vimeshaingia barabarani, fulana za rangi moja, mbele anayeongoza wimbo, katikati wanaoitikia, nyuma kabisa wale wanaotembea na chupa za maji. Daraja la Tanzanite, tangu lifunguliwe mwaka 2022, limekuwa kama uwanja wetu. Coco Beach ndipo tunaponyoosha viungo na kunywa madafu. Mbio za mtandaoni zimekuja juu ya utamaduni huo. Hatukufungiwa ndani miezi na miezi kama wenzetu wa Ulaya, lakini utaratibu ulitufikia: unajiandikisha, unalipia, unakimbia popote ulipo ndani ya siku zilizotangazwa, unatuma ushahidi, unapata medali. Ya Dar inaletwa na bodaboda, ya mkoani inapanda basi.

Nazipenda mbio hizi na sikubali mtu akiniambia ni mchezo wa kupiga picha. Klabuni kwetu yupo muuguzi ambaye zamu zake hazimpi Jumapili yoyote ya kuaminika. Yupo mama ambaye mtaani kwake mwanamke hatoki peke yake saa kumi na moja alfajiri, hivyo anakimbia saa kumi jioni akishafunga genge lake. Wapo vijana wetu waliohamia Mwanza, Mbeya, hata Muscat, ambao bado wanajihesabu ni wa kwetu. Mbio za barabarani zina siku moja, saa moja na mstari mmoja, na kila mwaka zinawaacha nje watu hao hao. Hizi za mtandaoni zinawaingiza. Kwa hiyo mtu akidanganya humu, anamharibia yule ambaye hana mbio nyingine.

Wakubwa wa dunia walilazimika kulifikiria jambo hili kabla yetu. Marathoni ya Boston, ambayo haikuwahi kufutwa tangu ianze mwaka 1897, ilifuta mbio zake za barabarani mwaka 2020 na kuwaambia watu wakimbie kwao mwezi Septemba. Sharti lilikuwa kumaliza kilomita zote 42.195 ndani ya saa 6 na kuleta uthibitisho wa muda, na ilielezwa wazi kwamba muda huo hautamfuzisha mtu kwa Boston nyingine. London, Oktoba 4 mwaka huo huo, waliwaweka wakimbiaji wakubwa kwenye mzunguko uliozibwa wa St James's Park, ambako Shura Kitata wa Ethiopia alishinda na Eliud Kipchoge akawa wa nane. Raia wa kawaida wakapewa saa 24 za siku hiyo kukimbia marathoni yao popote. Watu 37,966 waliingia kwenye rekodi za Guinness kwa kukimbia marathoni, kila mmoja mahali alipo, ndani ya siku moja.

Ninachokiona kwenye mifano hiyo miwili ni kwamba waandaaji hawakujifanya. Hawakusema muda wa mtu aliyekimbia peke yake mtaani una uzito sawa na wa mtu aliyekimbia mbele ya waamuzi. Waliamua mapema matokeo yale yana thamani ya nini, wakaitangaza, kisha wakadai ushahidi unaolingana na thamani hiyo. Huyo huyo Lazarus Lake, mwaka ule ule, aliandaa mbio za mtandaoni za kuvuka jimbo la Tennessee kwa kilomita 1,000 kati ya Mei 1 na Agosti 31. Watu zaidi ya 19,000 walijiandikisha, na kila mmoja aliingiza kilomita zake za siku kwa uaminifu wake mwenyewe. Ukigawanya ni kama kilomita 8 kila siku kwa miezi minne. Pale uaminifu ulitosha, kwa sababu wengi walikuwa wanashindana na uvivu wa kukaa ndani. Ukiweka jozi ya viatu mezani kwa mshindi wa tatu, mambo yanabadilika.

Sisi tuliweka viatu mezani. Na kanuni yetu ya kwanza ilikuwa na maneno mawili: tuma skrinishoti.

Nieleze kwanza simu inafanya nini, maana ubishi mwingi kundini unatokana na watu kuamini kwamba simu inapima kukimbia. Simu haipimi kukimbia. Inapokea mawimbi ya setilaiti na kukisia iko wapi, na mahali peupe kisio hilo hukosea mita kadhaa hivi. Juu ya Daraja la Tanzanite, bahari huku na huku na mbingu wazi, mstari unatoka safi. Ingia Posta au Kariakoo katikati ya maghorofa, mawimbi yanagonga kuta kabla ya kufika, na ramani itakuonyesha umepita ndani ya maduka ya watu. Ukisimama kusubiri magari yapite, nukta inachezacheza na kukuongezea mita ambazo hukukimbia. Na zile simu za bei nafuu, ambazo ndizo wengi wetu tunazo, zina tabia ya kuzima programu zinazofanya kazi chini kwa chini ili kuokoa chaji. Programu ikizimwa kwa dakika kadhaa kisha ikaamka, inachukua nukta ya mwisho na nukta mpya na kuziunganisha kwa mstari ulionyooka.

Hilo ndilo lililomkuta dada mmoja wa Mbagala. Alituma nusu marathoni yake, na katikati palikuwa na kilomita moja iliyosomeka chini ya dakika mbili, mstari umekata juu ya mapaa ya nyumba. Kundi zima liliiona kabla yangu. "Bodaboda hiyo," mtu akaandika. Mwingine akaweka picha ya pikipiki. Mwingine akauliza nauli ilikuwa shilingi ngapi. Dada hakujibu kitu.

Nilimpigia. Nikamwambia, "Dada, naomba unisaidie kuielewa kilomita ya kumi na tatu, halafu naomba usifute chochote kwenye simu yako." Alikuwa ameshakaribia kuiondoa programu. "Kaka, nimekimbia na jua lile lote," akasema, "halafu nakuja kuonekana mwizi mbele ya watu mia mbili. Sasa nibaki kufanya nini?" Tukaifungua kumbukumbu yote, si ile picha moja. Muda wa kukimbia ulikuwa umeruka, lakini muda wa jumla, tangu alipobonyeza kuanza hadi alipobonyeza kumaliza, ulikuwa kamili. Ukiugawa kwa umbali unapata dakika saba na ushee kwa kilomita, na hiyo ndiyo kasi aliyokuwa nayo kabla ya pengo na baada ya pengo. Kihesabu hatua cha simu, ambacho hakitegemei setilaiti, kilikuwa kimehesabu bila kukatika. Zaidi ya hayo, barabara aliyopita ina kona, na mstari ulionyooka ni mfupi kuliko kona. Simu ilikuwa imempunja.

Tulimthibitishia matokeo yake, na nikaandika kundini kwa kirefu ni kwa nini, pamoja na ombi kwamba waliomsema wamwombe radhi palepale walipomsema. Wengine waliomba. Wengine walijibu kwa kidole gumba.

Tangu siku ile nashikilia kwamba uzembe wa kuhakiki hauwaumizi watu kwa usawa. Mwenye saa ya mkononi ya milioni na zaidi, mstari wake unatoka umenyooka na hakuna anayemuuliza kitu. Mwenye simu ya kawaida iliyopasuka kioo ndiye anayeshukiwa, kwa sababu ushahidi wake una mashimo. Kanuni inayosema tu "ushahidi usioeleweka haupokelewi" inasikika kali na ya haki, lakini ukiiangalia inavyofanya kazi inachagua watu kwa bei ya vifaa vyao. Anayehakiki anapaswa kumtafuta mkimbiaji ndani ya takwimu, na akikuta shimo aulize kabla hajahukumu, tena aulize kwa simu, faraghani, si mbele ya kundi.

Na mkimbiaji huonekana, ukijua pa kutazama. Mwili wa binadamu una chapa yake. Unapanda kilima cha Chuo Kikuu pale Mlimani na kasi inashuka, mapigo ya moyo yanapanda. Pikipiki inapanda kilima kile kwa kasi ile ile. Anayekimbia ana hatua 150, 160, 180 kwa dakika. Aliyekaa kwenye bajaji ana kilomita bila hatua. Anayekimbia anachoka, kilomita ya 18 haifanani na ya tatu. Kuna pia ukuta ambao hakuna wa klabu yetu anayeukaribia: rekodi ya dunia ya marathoni aliyoiweka Kelvin Kiptum huko Chicago mwaka 2023, saa 2 na sekunde 35, ni wastani wa kama dakika 2 na sekunde 51 kwa kilomita. Mtu wa klabu yetu akileta kipande cha dakika moja na nusu kwa kilomita, kuna maelezo mawili tu, simu au gari, na kazi yangu ni kujua lipi.

Sasa nifike kwenye jambo lililo gumu zaidi kuliko setilaiti, nalo ni muhali.

Kuna mzee anayetusaidia sana. Fulana zetu za misimu kadhaa zimetoka mfukoni mwake, maji ya kunywa pia. Alituma nusu marathoni ya saa 1 na dakika 24. Mzee huyu barabarani tunamjua, hukimbia kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na hakuna ubaya wowote katika hilo kwa umri wake. Kumbukumbu yake ilionyesha vipande vinne kando ya Barabara ya Bagamoyo ambavyo kasi ilikuwa ya chombo cha moto, vikitenganishwa na visimamo vya Mwenge na Morocco, kwenye mataa. Hatua hazikuwepo. Kwa muda ule alikuwa wa tatu katika kundi la umri wake, na wa tatu anapata viatu. Wa nne alikuwa mwalimu mstaafu anayekimbia na raba zilizokwisha soli.

Kwenye kamati sauti zilikuwa za upole. Mwacheni tu, ni mzee wetu. Viatu vyenyewe kanunua yeye. Mwalimu tutamtafutia kitu kingine. Kila sentensi ilikuwa na wema ndani yake, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kuipinga. Lakini wiki chache nyuma dada wa Mbagala alikuwa ameanikwa mbele ya watu kwa kilomita moja, hakuna aliyesema mwacheni, ni dada yetu.

Nikampigia mzee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za klabu?"

"Njema mzee. Nakusumbua kuhusu nusu marathoni. Kuna vipande vinne vinapita kasi ya rekodi ya dunia. Kila mwenye kipande cha namna hiyo tunamuuliza, na wewe nimeona nikuulize mwenyewe kabla ya lolote."

Akakaa kimya. Kisha akasema simu alikuwa nayo kijana wake, wameanza wote, yeye akapumzika, kijana akaendelea na pikipiki. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Kwa jambo dogo hili, mwanangu, mnataka kunivunjia heshima?"

"Heshima yako iko palepale mzee. Yanayoondoka ni matokeo ya siku hiyo tu. Dirisha liko wazi mpaka Jumapili, ukikimbia tena tutayapokea kama ya mtu mwingine yeyote."

Hakukimbia tena. Msimu uliofuata fulana tulijinunulia wenyewe, na ziligharimu. Kuna wanakamati ambao mpaka leo wanaona nilikosa busara. Nawaelewa, na nikirudishwa pale nitapiga simu ile ile.

Nilipokuwa nawaza namna ya kuzungumza naye, aliyenisaidia alikuwa Kipchoge. Oktoba 12, 2019, mjini Vienna, alikimbia umbali wa marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, binadamu wa kwanza kushuka chini ya saa mbili. Afrika Mashariki nzima tulishangilia. Muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia: waongoza kasi walikuwa wakipokezana, vinywaji vilikuwa vikimfikia kwa baiskeli, na hayakuwa mashindano ya wazi. Yeye na timu yake walilijua hilo kabla ya kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyempunguzia heshima hata chembe, wala hakuna aliyesema kwa kuwa ni Kipchoge basi tuipitishe. Kama kanuni ilimkuta Kipchoge katika siku kubwa kuliko zote za maisha yake na yeye akasimama nayo, sioni kwa nini tuione kuwa ni tusi ikimkuta mfadhili wa fulana.

Na nyuma ya kila tunayemwonea muhali kuna mtu asiyeonekana. Aprili 21, 1980, Rosie Ruiz alivuka mstari wa Boston kwa saa 2, dakika 31 na sekunde 56, akavikwa taji. Hakuwa amekimbia njia yote. Siku nane baadaye alivuliwa, ushindi akapewa Jacqueline Gareau wa Kanada, aliyekuwa amekimbia kwa 2:34:28. Watu wanamkumbuka Ruiz. Mimi namfikiria Gareau, aliyefika mwisho akiwa mwanamke wa kwanza na kukuta shangwe zimekwisha kwenda kwa mwingine. Taji alilipata, lakini ule umati wa kwenye mstari, dakika zile, nani angemrudishia? Na huko kulikuwa na waamuzi, kamera na maelfu ya watu kando ya barabara. Kwenye mbio za mtandaoni anayeporwa mara nyingi hajui hata kama ameporwa. Anaona jina lake la nne, anafunga simu, anaenda kuoga.

Hapo ndipo ninaporudi upande wa waliomwondoa Brunner. Kila aliyetoka kabla yake, kuanzia aliyeishia mzunguko wa tano, alitolewa na kengele ile ile. Aliyekosa kuondoka kwa sababu amesinzia naye hutoka. Kuilegeza kengele kwenye mzunguko wa 63 kwa sababu aliyebaki ni shujaa kungekuwa kuwaambia wale wengine zaidi ya 2,000 kwamba kanuni ilikuwa yao peke yao. Ila nina sharti. Kama picha ingekatika huku mtu anakimbia, ningetaka aulizwe, alete kumbukumbu za mashine yake, asikilizwe. Kifaa kushindwa kuonyesha ni jambo moja, mtu kutokuondoka ni jambo lingine. Na mpaka kati ya hayo mawili unatakiwa uandikwe kabla ya mbio, wakati hakuna anayejua utamwangukia nani.

Sisi tumejifunza kuuandika. Mei 2024, nyaya za baharini zinazotuletea intaneti zilipokatika na mtandao kuzorota nchi nzima, dirisha letu la kutuma matokeo lilikuwa linafungwa Jumapili hiyo hiyo. Watu walikuwa wamekimbia, bando wanalo, na hakuna kinachotoka. Kanuni yetu wakati huo ilihesabu saa ya kutuma. Tuliibadilisha: inayohesabiwa ni saa ya kukimbia iliyoandikwa ndani ya simu, na ya kutuma inaweza kusubiri siku tatu. Umeme tuliuamua kinyume chake. Ukiwa juu ya mashine ya kukimbilia na umeme ukakatika, mbio zako zimekatika, kama ambavyo mvua ingekukuta barabarani. Asiyetaka hatari hiyo atoke nje. Wapo walionung'unika, lakini walinung'unika mwezi mmoja kabla ya mbio, na hapo manung'uniko yanasaidia.

Kinachotugawa sasa ni ardhi yenyewe. Mwaka jana kijana mmoja alianzia Pugu, kule juu, akateremka hadi mjini, akaleta muda mzuri ajabu. Alikimbia kweli, hatua zipo, mapigo yapo, jasho lipo. Wengine wakasema huo ni mteremko, si mbio. Shirikisho la riadha la dunia lina jibu lake kwa rekodi za barabarani: njia isishuke zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita, na kati ya pa kuanzia na pa kumalizia, kwa mstari ulionyooka, umbali usizidi nusu ya mbio. Ndiyo maana Geoffrey Mutai wa Kenya alipokimbia Boston kwa 2:03:02 mwaka 2011, kasi ambayo hakuna aliyewahi kuifikia kwenye marathoni kabla ya hapo, haikuhesabiwa rekodi. Napendekeza tuichukue kanuni hiyo ya mteremko kama ilivyo. Ile ya nusu ya umbali naiogopa, kwa sababu anayekimbia kutoka kazini kwenda nyumbani, na tunao wengi, itamfungia nje.

Wanachama wetu wa Arusha wameleta hoja ambayo sijapata jibu lake. Wanasema: nyinyi mko usawa wa bahari, pumzi tele, sisi tuko juu zaidi ya mita 1,300, hewa nyepesi, halafu mnatupanga kwenye orodha moja. Wa Dar wanajibu kwamba Arusha hawajui Februari ya Dar, saa moja asubuhi fulana imeshalowa kama imetolewa kwenye ndoo. Pande zote mbili zinasema kweli. Kugawa matokeo kwa mikoa kunaua raha ya kuwa kitu kimoja, kuwapunguzia wa Arusha sekunde kunahitaji hesabu ambayo hakuna aliyeikubali, na kuacha kama ilivyo kunawanyima viatu watu wa milimani kila mara. Rasimu ya kanuni iko kundini tangu Jumatatu, kipengele cha tisa kimeachwa wazi, na maoni yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi kutoka kwa yeyote aliyejiandikisha, awe wa kwanza au wa mwisho.